Uhaba wa gesi asilia Ulaya (2021–2023) na mbolea ya Biharamulo

Uhaba wa gesi asilia Ulaya ni mtikisiko wa nishati ulioanza katikati ya 2021, ukafika kileleni Agosti 2022 na kulegea mwaka uliofuata. Huko ulizima tanuri za vioo na zinki pamoja na mitambo ya amonia. Wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, hazina bomba la gesi wala kiwanda kinachoichoma, na kwao uhaba huo uliingilia duka la pembejeo, ndani ya mfuko wa urea wa kilo 50.

Gesi asilia isichanganywe na gesi ya mtungi inayouzwa madukani Biharamulo mjini. Ya mtungi ni propani na butani, huletwa nchini kwa meli. Gesi asilia ni methani kwa sehemu kubwa, husafirishwa kwa bomba, au hupozwa hadi iwe kimiminika ndipo ipakiwe melini. Tanzania inayo yake, ya Songo Songo na Mnazi Bay, nayo huzalisha umeme wa gridi ya taifa kwa bei ya mikataba isiyofuata soko la Ulaya. Ndiyo maana umeme wa gridi haukuguswa na kasheshe hii.

Mwaka 2021 nchi za Umoja wa Ulaya zilinunua kutoka Urusi takribani mita za ujazo bilioni 155 za gesi, yaani kama asilimia 45 ya gesi yote ziliyoagiza kutoka nje. Maghala yalikuwa yamepungua baada ya baridi ndefu, na uchumi ulikuwa unaamka baada ya korona, hivyo bei ilianza kupanda kabla ya risasi ya kwanza. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, mambo yakaharibika. Aprili mwaka huo Poland na Bulgaria zilikatiwa gesi, Finland ikafuata Mei. Bomba la Nord Stream 1, lenye uwezo wa mita za ujazo bilioni 55 kwa mwaka, lilipunguziwa Juni, likapunguziwa tena Julai, likanyamaza kabisa mwanzoni mwa Septemba. Tarehe 26 ya mwezi huo lililipuliwa chini ya Bahari ya Baltiki. Katika soko la Uholanzi, linalotumika kama kipimo cha bei kwa bara zima, megawati-saa moja iliyouzwa chini ya euro 20 mwanzoni mwa 2021 ilipita euro 300 mwishoni mwa Agosti 2022.

Viwanda viliumia kwa kadiri vinavyoila gesi. Duralex ya Ufaransa, inayotengeneza bilauri ngumu, ililaza tanuri lake kuanzia Novemba 2022 kwa miezi kadhaa. Kiwanda cha zinki cha Budel, Uholanzi, kilisimama Septemba 2022. Uingereza ilipata kioja chake mapema, Septemba 2021: viwanda viwili vya mbolea vilipofungwa, machinjio na watengeneza soda walijikuta wamekosa kaboni dioksidi, kwa sababu hiyo huvunwa kama mabaki ya amonia. Ujerumani ililazimika kuitaifisha Uniper, mnunuzi wake mkubwa wa gesi ya Urusi, na kujenga haraka gati la kupokelea gesi ya meli pale Wilhelmshaven, lililofunguliwa Desemba 2022.

Hakuna kiwanda kilichobanwa kama cha mbolea, kwani kwake gesi ni kuni na ni unga pia. Methani hutoa haidrojeni, hewa hutoa naitrojeni, na viwili hivyo hugandamizwa kwenye joto kali hadi vizae amonia. Amonia ikiunganishwa na kaboni dioksidi huwa urea, chembe nyeupe zenye naitrojeni asilimia 46. Kiwanda cha kwanza cha kuunda amonia kwa kugandamiza haidrojeni na naitrojeni kilianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, wakati bendera ya Wajerumani ingali ikipepea juu ya Boma la Biharamulo. Oppau leo ni sehemu ya Ludwigshafen, makao ya BASF, kampuni iliyotangaza Februari 2023 kwamba inafunga mojawapo ya mitambo yake ya amonia hapohapo. Kampuni ya Yara ya Norway nayo ilikuwa imepunguza uzalishaji wake wa amonia Ulaya hadi karibu theluthi moja ya uwezo, Agosti 2022.

Urea nyingi ya Tanzania haitoki Ulaya. Hiyo haikusaidia kitu. Ulaya iliyokosa mbolea yake iliingia sokoni kununua ileile ya Ghuba na kwingineko iliyokuwa ikinunuliwa na Afrika Mashariki, huku China ikiwa imebana kuuza nje tangu Oktoba 2021. Tani ya urea iliyokuwa chini ya dola 300 mwanzoni mwa 2021 ilipita dola 900 Aprili 2022.

Shambani Biharamulo hesabu ya mbolea hufanywa kwa kifuniko cha soda. Kifuniko kimoja hubeba kama gramu tano, na ndicho kipimo cha shimo moja la mahindi. Ekari iliyopandwa sentimita 75 kwa 60 ina mashimo karibu 9,000, nayo humaliza karibu mfuko mzima wa kukuzia, achilia mbali ule wa kupandia. Mwaka 2022 mfuko wa urea ulifika zaidi ya shilingi 120,000 kwa wastani wa nchi, na Biharamulo iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandarini, dizeli nayo ikiwa juu. Mwenye migomba na samadi yake aliweza kukaa kimya. Aliyeumia ni yule aliyekuwa ameshazoea kuweka mbolea, anayelima mahindi ya kuuza, au tumbaku kwa mkopo wa pembejeo kupitia chama cha msingi cha ushirika, mkopo ambao hukatwa kwenye malipo.

Serikali ilijibu kwa ruzuku, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mbeya siku ya Nanenane, Agosti 8, 2022. Urea na mbolea ya kupandia ya DAP zikashuka hadi shilingi 70,000 kwa mfuko, kwa mkulima aliyejiandikisha kwa mtendaji wa kijiji na kupata namba. Kwa wilaya zinazopanda vuli, ruzuku ilikuja dakika za mwisho. Ng'ambo ya mpaka wa Ngara, Burundi ilikuwa imeshajenga kiwanda cha FOMI kinachochanganya mboji na madini, na wawekezaji wake wakajenga kingine Nala, Dodoma.

Ukiuliza kwa nini nchi yenye gesi inunue urea, jibu lina umri mrefu. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza 1972 na kufungwa 1991, kilitegemea malighafi kutoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa KILAMCO, wa kugeuza gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, kuwa amonia na urea huko Kilwa. Haukujengwa. Gesi hiyo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, ilienda kwenye umeme na saruji. Mradi wa Lindi wa kusindika gesi ulipoamka wakati wa uhaba wa Ulaya, na makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell kusainiwa Juni 2022, lengo kuu lilikuwa kuipakia melini.

Urea ya Biharamulo ingali ikishuka kwenye gati la Dar es Salaam, ikapita Dodoma, Nzega na Kahama, kisha Nyakanazi.