Ethi isiyogusa ardhi

Cessna 172 za miaka ya 1960 zinapozeeka huwa na ugonjwa mmoja ambao mafundi ndege wanaujua vizuri. Rubani anawasha taa ya kutua, na papo hapo mshale wa joto la oili unaruka. Mishale miwili ya mafuta, wa tangi la kushoto na wa tangi la kulia, inaruka nao. Akizima taa, yote inarudi ilipokuwa. Mlio wa injini haubadiliki, wala mafuta hayapungui kwa kubonyeza swichi. Fundi mzoefu haagizi geji mpya. Anasema, "Hiyo ni ethi," kisha anatafuta tochi na spana.

Neno "ethi" tumelipokea kutoka kwa Waingereza, ambao kwao lina maana ya dunia au udongo. Wamarekani, waliounda Cessna kule Wichita, Kansas, hutumia neno lao la ardhi ya kukanyaga. Waandishi wetu wakafuata, wakatupa "waya wa ardhi". Kwa umeme wa nyumbani tafsiri hiyo haina ila: nondo imepigwa chini na waya umefungwa hapo. Kwa ndege iliyo angani juu ya Tsavo, sijui mwanafunzi aambiwe ardhi ipi.

Jina hili lina historia yake. Mwaka 1838 Mjerumani Carl August von Steinheil alionyesha kwamba telegrafu haihitaji waya wa pili wa kuurudisha umeme ulikotoka: ncha mbili zikifukiwa chini, udongo unaifanya kazi hiyo. Maana ya mwanzo, basi, ilikuwa njia ya kurudi. Magari na ndege zilipokuja, bodi ya chuma ikashika nafasi ya udongo na jina likaachwa vilevile. Wafaransa walitenganisha mambo haya mapema: *terre* ni ya udongoni, *masse* ni bodi ya chombo. Sisi tunatumia neno moja kwa yote mawili, na mkanganyiko huo unaonekana kazini. Kijana aliyefundishwa kwamba ardhi ni kinga ya kuzuia mtu asipigwe na umeme anaiona kama nyongeza, kitu cha kuangaliwa mwisho. Katika ndege, hiyo ni nusu nzima ya saketi.

Tazama geji ya joto la oili ya umeme. Kwenye injini kuna sensa ambayo ukinzani wake hushuka kadiri oili inavyopata moto. Waya mmoja unatoka kwenye geji kwenda kwenye sensa. Wa kurudi haupo: umeme unapita kwenye chuma cha injini, unavuka kwenda kwenye bodi, unafika kwenye betri. Geji haiwezi kujua ukinzani inaousoma ni wa sensa au ni wa bolti yenye kutu huko njiani. Inajumlisha tu. Na kwa sensa ya aina hii ukinzani mkubwa maana yake ni baridi, kwa hiyo marejeo mabovu yanaweza kuifanya oili iliyochemka ionekane ya vuguvugu. Hilo linanitisha kuliko mshale unaorukaruka, kwa sababu unaorukaruka angalau unajitangaza.

Taa inaingiaje hapa? Taa ya kutua ya wati 100 kwenye mfumo wa volti 12 inavuta ampea 8 hivi. Tuseme njia ya kurudi, ambayo taa na geji zinaichangia, ina ukinzani wa omu 0.1 tu. Mara 8, unapata volti 0.8 zilizopotelea kwenye bolti moja. Kwa taa hasara hiyo ni ndogo, inafifia kidogo tu. Kwa geji inayopima tofauti ndogondogo, ni mtikisiko mkubwa.

Ndiyo maana swali la kwanza la fundi ni kama mishale inaruka yote au mmoja. Ikiruka yote pamoja, tatizo liko pale njia zake zinapokutana. Ukiruka mmoja peke yake, kagua sensa yake, waya wake na fundo lake. Geji ya presha ya oili mara nyingi haimo katika hesabu hii, maana kwenye nyingi za ndege hizi si ya umeme: bomba jembamba linaileta oili yenyewe hadi kwenye dashibodi. Presha ikishuka huku joto linapanda, usianze kuwaza waya. Tafuta pa kutua.

Sehemu za kushukiwa ni chache, na mpira unahusika katika mbili. Injini imekalia mipira ya kupunguza mtetemo, na mpira haupitishi umeme. Dashibodi ya geji nayo mara nyingi imeshikwa na mipira. Kwa hiyo lazima pawe na utepe wa nyaya zilizosukwa unaoivusha njia kutoka injini hadi bodi, na mwingine kutoka dashibodi. Utepe wa injini ukikatika, mkondo mkubwa wa stata unatafuta upenyo kwingine, na mara nyingi unaupata kwenye kebo ya mafuta au ya mchanganyiko. Kebo iliyoungua bila moto wowote kuonekana ni ushahidi wa kutosha.

Usipime kwa omu. Multimita ikiwa kwenye omu inapitisha mkondo mdogo mno, na utepe uliobakiwa na uzi mmoja mzima utasomeka safi. Pima kwa volti huku kazi inafanyika: ncha moja kwenye hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye chuma cha dashibodi, kisha washa taa. Ikisoma karibu na sifuri, njia ni nzima. Ikipanda, sogeza ncha hiyo ya pili bolti kwa bolti kurudi upande wa betri hadi tarakimu ianguke; bolti uliyoivuka ndiyo yenye kosa. Kuikaza tu haitoshi, kwani alumini hujivika utando usiopitisha umeme, na ndege inayolala kando ya bahari huongezewa kutu ya chumvi. Fungua, sugua mpaka chuma king'ae, funga, kisha ziba unyevu.

Mimi ningeliacha "ethi" mdomoni mwa mafundi, limeshazoeleka, lakini kwenye vitabu ningeandika "marejeo ya bodi" na "ardhi" ningeibakizia nondo ya nyumbani. Kuna atakayeuliza kuhusu magneto, ambayo huipa injini cheche na huzimwa kwa kupewa ethi. Jina "marejeo" linasimama hata hapo. Swichi ikizimwa, mkondo wa koili unapewa njia ya kurudi isiyokatwa na platini, kwa hiyo cheche haitoki. Waya wa kutoka magneto hadi swichi ukikatika, swichi itasema imezimwa huku injini ikiweza kuwaka rafadha ikisukumwa kwa mkono. Kuna jaribio dogo: injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa, peleka swichi kwenye kuzima kwa nukta moja. Injini isipoonyesha dalili ya kufa, izime kwa kuikatia mafuta, weka bango kwenye rafadha, na mtu yeyote asiishike hadi waya utengenezwe.