Kiboko Ndani ya Nzi

Mkazi wa Bujumbura hahitaji kuelezwa kiboko ni nini. Jua likizama, mnyama huyo hutoka katika Ziwa Tanganyika kuja kula majani, na wapita njia humpisha. Nzi wa matunda naye twamjua: ukifunua mtungi wa urwarwa, yeye mwenye macho mekundu amekwisha kufika. Ila kwamba wawili hawa walikutana katika historia ya sayansi, hilo halijasemwa vya kutosha madarasani.

Nzi huyo, Drosophila melanogaster, asili yake ni Afrika, yapata pande za Zambia na Zimbabwe, naye alienea duniani akiandamana na binadamu. Mwaka 1910, mjini New York, Thomas Hunt Morgan, aliyewafuga nzi katika chupa za maziwa na kuwalisha ndizi, alimwona dume mwenye macho meupe. Jeni iliyoharibika ikaitwa “nyeupe”, ingawa ikiwa nzima husaidia kuleta wekundu. Tangu hapo ikawa desturi: jeni nyingi za nzi hupewa jina la hitilafu, wala si la kazi. Mwanafunzi asiyeonywa mapema hupotea, nasi tumewaona waliopotea.

Mwaka 2003 makundi kadhaa ya watafiti, yaliyokuwa yakiuliza kiungo hujuaje kikomo cha ukubwa wake, yalieleza jeni nyingine ya nzi. Ikikosekana, seli huzidi kugawanyika, na zile zipasazo kufa hazifi; kichwa hufura kwa mikunjo minene. Wakaiita hippo, yaani kiboko. Mwaka 2006 zikatambuliwa seli shina katika utumbo wa nzi, ambazo hujigawa ili kujibakiza zenyewe na kuzaa nyingine za kuziba pengo. Baadaye ilionekana kwamba mfuatano ule ule wa hippo huzizuia nazo, mpaka utumbo udhurike. Wala si jambo la nzi peke yake: mwaka 2007, kizuizi hicho kilipovukwa katika panya, ini lilikua kupita kiasi.

Hapa ndipo Kiswahili kina la kusema. Waliobuni jina walimfikiria mnyama tu. Kwetu kiboko ni mjeledi pia, ambao zamani ulikatwa katika ngozi yake. Basi neno moja labeba mambo mawili: jeni ikiharibika twaona mnyama, na ikiwa nzima twaona mjeledi uzuiao. Twapendekeza mwalimu aseme “jeni kiboko”.

Lipo pingamizi, na si dogo. Wapo wazee wa Buyenzi ambao neno hilo huwakumbusha migongo iliyochapwa enzi za Wabelgiji, na kiboko kile hakikuwa cha kuadibu. Hatuwezi kulipuuza. Hata hivyo, tukiacha hippo kama lilivyo, mtoto wa Bujumbura atalikariri kwa ajili ya mtihani, huku mnyama mwenyewe akila majani karibu na kwao.