ZILIPENDWA ZA TABORA: Wimbo Unaujua, Mtunzi Je?

"Dada Asha" umepigwa kwenye harusi ngapi? Mama anauimba, mjomba anauimba, na DJ anajua kabisa kwamba akiuweka wazee wote wanainuka vitini. Sasa uliza ukumbi mzima nani aliutunga. Kimya.

Ni Shem Ibrahim Karenga huyo, akiwa na Tabora Jazz, wale wana Segere Matata. Kwao Kigoma, mwisho wa reli, lakini jina alilipatia Tabora.

Kwa nini Tabora? Mji huu haukuanza jana kupokea wageni. Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapo Unyanyembe, wapagazi wa Kinyamwezi mizigo mabegani, nyimbo mdomoni. Reli ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Wakaja wafanyakazi, askari, wanafunzi, na baadaye santuri za rumba ya Cuba. Ndiyo maana mji mmoja wa bara ukatoa Kiko Kids ya Salim Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Hata Western Jazz ya Dar, iliyoanza 1959, mwanzilishi wake Iddi Nhende alitoka Nzega.

Neno jazz lisikuchanganye lakini. Mwaka 1958 kule New York, Billie Holiday alirekodi albamu ya Lady in Satin na okestra ya Ray Ellis, fidla kibao nyuma yake. Tabora fidla hizo zingetoka wapi? Kazi yake ilifanywa na magitaa: solo, ridhimu, besi. Wimbo wa dansi unaanza taratibu, mwimbaji anamaliza kisa chake, wenzake wanaitikia, halafu ndio magitaa yanaachiwa, chemko linaanza. Vyombo tofauti, ila hisia ni ileile: mtu anaumia, bendi inambembeleza.

Sasa majina yalipotelea wapi? Bendi zilirekodi studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na sahani zikaenda kuchapwa Nairobi kwa sababu hapa kiwanda hakikuwepo. Vyombo mara nyingi vilikuwa mali ya klabu au mwenye bendi. Mwanamuziki akihama, anaondoka na sauti yake tu. Gitaa linabaki, jina la bendi linabaki, na wimbo unabaki kuwa "wa Tabora Jazz". Mtunzi anakuwa mtu wa kuulizwa na wazee wachache wanaokumbuka, na wazee nao wanapungua.

Karenga alifariki Dar es Salaam Desemba 2014. Wimbo wake haujapumzika hata wikiendi moja.

Wasanii wa leo wakiibiwa wimbo mtandaoni, mji mzima unajua kabla ya jioni. Wale wazee hawakuwa na pa kulalamikia. Kwa hiyo DJ akiuweka tena "Dada Asha", cheza, jiachie, ila mwambie wa pembeni yako: huyu ni Shem Karenga.