Kuchagua, kuchuma au kuokota?

Mtafsiri akikutana na kitenzi cha Kiingereza pick hukimbilia "chagua". Awaulize akina mama wa Sumbawanga. Majani ya maboga huchumwa. Maharage yaliyomwagwa kwenye ungo huchambuliwa, mawe na punje mbovu zikitupwa pembeni. Kuni huokotwa, kuku naye hudonoa. Kuchagua ni kazi ya mnunuzi anayelinganisha gunia na gunia, na wengine huchagua mpaka muuzaji ananuna. Wajapani nao hawachanganyi: kuchuma majani ya chai ni tsumu, kuokota kilichoanguka ni hirou, kuchagua ni erabu. Tafadhali, watafsiri wa vijitabu vya kilimo: tazameni kwanza mkono unafanya nini, kamusi mfungue baadaye.