Nyani wa Kikopey: uzi kuhusu mnyama asiye na fidia

Msimu wa kampeni ukifika huku kwetu Nakuru, kuna sentensi moja lazima utaisikia. Mheshimiwa anapanda juu ya gari, anashika kipaza sauti na kusema, "Serikali hii inapenda wanyama kuliko watu!" Watu wanashangilia, vuvuzela zinalia. Wiki inayofuata mheshimiwa yuleyule yuko hotelini Naivasha akiwaambia watu wa utalii kwamba wanyamapori ni urithi wetu. Sitaji jina wala chama, kwa sababu nimesikia pande zote zikisema yote mawili.

Nasomea sayansi ya siasa, na swali langu ni dogo tu. Ni wanyama gani hasa hao tunaoambiwa wanapendwa? Maana si wote. Kuna wenye uzio, walinzi na bajeti, na kuna wale wanaopigwa mawe na sheria inanyamaza. Historia ya mgawanyo huo inaonekana vizuri sana hapa kwetu, kwa hivyo kaa chini, uzi ni mrefu kidogo.

Tuanze na wapendwa. Ziwa Nakuru lilifanywa hifadhi ya ndege mwaka 1960, na 1968 likawa hifadhi ya taifa. Sababu ilikuwa flamingo (wale ambao vitabu vya shule vinawaita heroe). Mtaalamu wa ndege Mmarekani, Roger Tory Peterson, aliutangazia ulimwengu kwamba hakuna mandhari ya ndege duniani inayoshinda ile, na tangu hapo picha ya ziwa la waridi ikawa ndiyo picha ya Nakuru. Mjini tuna hadi mtaa unaoitwa Flamingo. Flamingo hali mahindi, haumi mtoto, haingii jikoni. Kumpenda ni rahisi.

Kisha kuna kifaru. Kenya ilikuwa na vifaru weusi kama 20,000 mwaka 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku 1977, lakini majangili hawasomi gazeti rasmi la serikali. Ndipo hifadhi ya Nakuru ikazungushiwa uzio wa umeme katikati ya miaka ya 1980 ili iwe makimbilio ya vifaru. Kumbuka kwamba kizazi kimoja tu kabla ya hapo, mzungu mwenye bunduki alikuwa akipiga picha na kifaru aliyekufa na kuitundika ukutani kwa fahari. Hisia zinabadilika, na zikibadilika pesa inazifuata.

Sasa tutoke hifadhini, tushike barabara ya kurudi Gilgil.

Ukisema Kikopey leo, kila mtu anafikiria nyama choma. Basi linapunguza mwendo, moshi unaingia dirishani, umekwisha. Wachache wanajua kwamba jina hilo lilikuwa la shamba kubwa la ng'ombe, Kekopey, zaidi ya ekari 40,000 kati ya Gilgil na Ziwa Elmenteita, mali ya Galbraith Cole na familia yake. Cole mwenyewe alifukuzwa nchini 1911 baada ya kumpiga risasi na kumuua mtu aliyemshuku kwa wizi wa kondoo. Baraza la wazungu wenzake lilikuwa limemwachilia. Baadaye aliruhusiwa kurudi. Na ardhi yenyewe, kabla ya Cole, ilikuwa malisho ya Wamaasai, ambao mkataba wa 1904 uliwahamisha kutoka Bonde la Ufa huku katikati. Wengine walipelekwa kusini, wengine Laikipia. Shika hilo jina Laikipia, tutalirudia.

Kwenye shamba hilo waliishi nyani wengi. Wakati wa ukoloni nyani aliwekwa kwenye fungu la wanyama waharibifu, pamoja na fisi na mbwa mwitu. Ungeweza kumuua bila leseni na hakuna ambaye angekuuliza. Lakini Kekopey ilikuwa ya ng'ombe. Hapakuwa na mahindi wala viazi vya kuibiwa, kwa hivyo nyani na binadamu waliishi pamoja bila kelele nyingi.

Mwaka 1972 akaja Shirley Strum, mwanafunzi Mmarekani wa anthropolojia, kufuatilia kundi moja lililopewa jina la Pumphouse. Alikuwa akiketi katikati yao na daftari, siku nzima, miaka nenda miaka rudi. Mtafiti aliyemtangulia, Robert Harding, alikuwa ameona nyani hao wakiwinda na kula swara na sungura. Strum aliona tabia hiyo ikienea kundini kama desturi inayofundishwa. (Ndiyo, nyani walikula nyama Kikopey kabla yetu. Hiyo nimewapa bure.) Wanasayansi wa wakati huo waliamini kundi la nyani ni udikteta, dume lenye meno makubwa linaamrisha na wengine wanatii. Strum akasema hapana. Dume geni likiingia kundini kwa fujo halifiki mbali. Linahitaji marafiki, hasa majike na watoto wao, na urafiki huo linaujenga polepole. Nikisoma hayo nilicheka, kwa sababu ni somo letu la mwaka wa kwanza kuhusu miungano ya kisiasa. Kitabu chake, Almost Human, kilitoka 1987.

Lakini wakati Strum anawapenda nyani, Kekopey ilikuwa inabadilika mikono. Katika miaka ya 1970 shamba liliuzwa kwa ushirika wa wakulima. Hawa walikuwa watu waliokuwa wakisubiri ardhi tangu uhuru na kabla yake, walichanga shilingi kwa shilingi, wakagawana vipande na kuanza kulima. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mahali palipokuwa na nyasi palikuwa na mahindi, maharagwe na watoto wa shule.

Nyani walikuwa walewale, miamba yao ya kulala ileile, njia zao zilezile. Asubuhi moja njiani wakakuta chakula kitamu kuliko mizizi ya nyasi, kimepandwa kwa mistari.

Hapo ndipo naona mijadala yetu inapotea. Mtu akisema watu wa Gilgil wanachukia wanyama, anaongea kana kwamba chuki hiyo walizaliwa nayo. Mnyama hakubadilika na watu hawakuwa wabaya kuliko mwenye ranchi wa zamani. Kilichobadilika ni nani analipa. Mwenye ekari elfu arobaini hajali nyani akichimba mizizi. Mwenye ekari mbili, aliyekopa pesa ya mbegu, akipoteza mistari kumi ya mahindi amepoteza karo ya muhula.

Strum na wenzake hawakukimbilia kuwahamisha. Walijaribu walinzi, kelele, pilipili, hata dawa ya kumtia nyani kichefuchefu ili achukie ladha ya mahindi. Kundi la Pumphouse lenyewe liligawanyika. Baadhi walibaki kula vyakula vya porini, wengine wakageukia mashamba. Hawa wa mashambani walipewa jina la Kiswahili, Wabaya. Ndivyo wanavyotajwa hadi leo katika maandishi ya kisayansi. Jina hilo linanivutia sana, kwa sababu hata watu waliowapenda nyani kuliko mtu yeyote duniani waliishia kutumia neno la mkulima.

Mwaka 1984 makundi matatu, zaidi ya nyani mia moja, yakanaswa kwa vizimba, yakapakiwa kwenye malori na kupelekwa Laikipia. Wabaya pia walikuwa kwenye safari. Huko kulikuwa na ranchi na wafugaji, si wakulima. Silinganishi watu na nyani, ila ukisoma historia ya bonde hili huwezi kukosa kuona kwamba miaka 80 baada ya Wamaasai kusukumwa kwenda Laikipia ili kupisha ranchi, nyani nao walipelekwa Laikipia kupisha waliorithi ranchi. Safari ya nyani ilikuwa na daktari wa mifugo.

Na wakulima wa Kikopey? Walibaki na nyani wengine, kwa sababu makundi ya utafiti hayakuwa nyani wote wa Gilgil. Shangazi yangu analima upande wa Mbaruk. Sehemu iliyo karibu na mwamba ameacha kupanda mahindi kabisa, sasa ni pareto, ambayo mpaka leo nyani hawajaigusa. Kabla ya hapo binamu zangu walikuwa wanakosa shule zamu kwa zamu wakati wa mahindi mabichi. Shangazi anasema nyani anamtambua mwanamke kwa leso. Akimwona mwanamume anakimbia, akimwona yeye anaendelea kula huku anamtazama. Aliwahi kupeleka malalamiko ofisini. Akasikilizwa kwa heshima, akapewa kiti, akaambiwa nyani hayuko kwenye orodha.

Orodha gani? Hapa tuingie sheria, maana ndipo kelele za mikutano zinapozaliwa.

Mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe za ndovu mbele ya kamera za dunia nzima. Picha ile ilibadilisha namna ulimwengu unavyomwona ndovu, na nadhani ilifaa. Mwaka uleule sheria ya wanyamapori ilirekebishwa, likaundwa shirika la KWS. Kwenye marekebisho hayo fidia ya mazao na mali iliyoharibiwa na wanyama ikaondolewa. Zikabaki za kifo na majeraha tu, na hizo zilikuwa ndogo. Kabla ya sheria ya sasa, maisha ya mtu yalikuwa yanathaminiwa shilingi 200,000. Moshi wa pembe uko kwenye kila kitabu cha historia. Kile kipengele cha mazao ni nadra kukisikia kikitajwa, isipokuwa na watu waliolala njaa.

Sheria ya 2013 ilirudisha mengi. Kifo ni shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2, na fidia ya mazao, mifugo na mali ikarudi. Lakini ukifungua Jedwali la Tatu la sheria hiyo utakuta orodha ya wanyama wanaolipiwa. Kwenye mazao na mifugo wapo ndovu, nyati, kiboko, simba, chui, fisi, hata pundamilia. Nyani hayupo, wala tumbili. Kwa hivyo kiboko akitoka Ziwa Naivasha usiku na kukanyaga kabichi zako, una kesi. Nyani akija mchana na familia yake yote, huna.

Kiboko naye ana hadithi yake. Maji ya maziwa yetu yalipopanda, hasa 2020, mtaa wa Kihoto kule Naivasha uliingiwa na ziwa na viboko wakaja nalo mpaka karibu na milango. Watu wameuawa na viboko Naivasha kwa miaka mingi, wengi wao wavuvi. Lakini mwaka 2018 alipouawa mtalii kutoka Taiwan, habari ilizunguka dunia siku hiyohiyo. Sisemi zaidi.

Turudi Laikipia, kwa sababu hadithi haikuishia kwenye malori. Nyani wa Gilgil waliishi, wakazaana. Mpungate wa kigeni ulipoenea kule wakaanza kula matunda yake, na wakawa sehemu ya tatizo la kuusambaza, kwa hivyo usidhani wamegeuka malaika. Lakini kule Il Polei, wanawake wa Kimaasai wa kijiji cha Twala wamekuwa wakiwapeleka wageni kutembea na nyani asubuhi, kwa malipo. Mnyama ambaye jamaa zangu wanamrushia mawe, kule anamlipia mtoto karo. Ni spishi ileile, na wengine yawezekana ni wajukuu wa Wabaya.

Baadhi yenu mmeniuliza inbox: si basi nyani aongezwe tu kwenye Jedwali, tumalize? Ni ahadi nzuri ya jukwaani na nimeisikia. Shida yake ni hesabu. Ndovu anaingia shambani usiku mmoja na kuacha hasara unayoweza kuipiga picha. Nyani anachukua mahindi sita leo, manne kesho, miezi mitatu mfululizo, kwenye maelfu ya mashamba. Nani atakuja kupima mahindi sita? Tayari familia za waliouawa zinasubiri fidia kwa miaka. Ukiongeza madai ya nyani kwenye foleni ileile bila kuongeza pesa, unampa shangazi yangu fomu, si mahindi. Mimi ningependelea pesa hiyo ilipe vijana wa kulinda mashamba msimu wa mahindi mabichi, ambayo ndiyo kazi watoto wanafanya sasa hivi bila malipo. Mwenzangu darasani anapinga. Anasema sheria isipomtaja nyani hata mlinzi hatapata bajeti, kwa sababu hakuna afisa anayetenga pesa kwa tatizo lisilo na jina kwenye karatasi. Bado tunabishana. Anayejua kaunti iliyojaribu moja kati ya haya mawili, aandike hapa chini.