Jairoskopu Isiyo na Pia

Upepo wa kusi huanza safari ukitokea kusini-mashariki. Ukishavuka ikweta hupinda, ukafika India ukitokea kusini-magharibi. Sababu kubwa ni Dunia inayogeuka chini yake. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliandika hesabu za nguvu hiyo ya kupinda njia mwaka 1835, akichunguza mashine zinazozunguka. Leo kanuni hiyohiyo imeingizwa kwenye kisanduku kinachoenea kiganjani: jairoskopu, yaani kifaa cha kupima kugeuka.

Ndani ya kisanduku hicho mna sindano, na mbele yake pete ya chuma. Sindano hupewa volti elfu kadhaa. Kwenye ncha yake umeme hukolea hadi ukang'oa elektroni za molekuli za hewa, nazo zikawa ioni. Ioni hukimbilia pete, na njiani huzigonga molekuli zisizo na chaji na kuzikokota. Hewa hupenya pete ikiwa mchirizi wa upepo, bila feni wala pampu. Mbele zaidi kuna nyaya mbili nyembamba zilizopashwa moto, moja kila upande. Kisanduku kikitulia, zote hupoa sawasawa. Kikigeuka, mchirizi huegemea upande mmoja. Waya wa upande huo hupoa zaidi, ukinzani wake hushuka, na tofauti ya nyaya mbili ndiyo kipimo. Upepo wa mita 1 kwa sekunde ukienda milimita 10, kifaa kikigeuka duru 1 kwa sekunde, hukosa shabaha kwa milimita 0.6 hivi.

Tukiiteje kifaa hiki? *Ioni* libaki lilivyo. Michael Faraday alilitumia mwaka 1834 kutoka Kigiriki, likimaanisha kinachokwenda, na wanafunzi wetu wamelizoea. Lakini tusiseme *mkondo wa ioni*, maana ioni zinazotembea tayari ni mkondo wa umeme. Kinachopinda na kupoza waya ni hewa iliyokokotwa, kwa hiyo *upepo wa ioni*.

*Jairoskopu* ni gumu zaidi. Léon Foucault alilibuni mwaka 1852 kwa maneno ya Kigiriki ya mzunguko na kuona: gurudumu lake lililozunguka kwa kasi lilishikilia mwelekeo wake, kama pia ya watoto isivyoanguka, likaonyesha kwamba Dunia inageuka. Kisanduku chetu hakina pia. Hata ndani ya simu, kinachopima kugeuka ni kipande cha silikoni kinachotetemeka. Basi jina lifuate kinachopimwa. *Mzunguko* lina kazi nyingi: sayari huzunguka Jua, damu huzunguka mwilini, fedha huzunguka sokoni. Simu iliyolala mezani ukiibadilisha upande, husemi umeizungusha, umeigeuza. Kwa hiyo napendekeza *kihisi-mgeuko cha upepo wa ioni*.

Kifaa chenyewe kina kasoro: kinadai volti nyingi, ncha ya sindano huliwa, na umeme wake huzaa ozoni. Faida yake ni kwamba kikidondoka, hakina kipande cha silikoni kinachoning'inia cha kukatika. Kinachobeba habari ni hewa tu.

Na *kihisi* kinastahili kuliko *kuona* kwa Foucault. Nahodha wa jahazi hakuiona Dunia ikigeuka. Alihisi upepo umebadili upande, akageuza tanga.