Bunduki Iliyokwenda Burma

Ukiitazama haraka ni Lee-Enfield, bunduki iliyobebwa na majeshi ya Uingereza katika vita viwili vya dunia. Ukiikagua, unaona mkono wa fundi. Mbao za mbele zimekatwa. Mtutu ni mnene kuliko wa kijeshi. Kwa nyuma kimefungwa kifaa cha kulengea cha Parker-Hale, kampuni ya Birmingham: kisahani chenye tundu dogo na skrubu mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Ni bunduki ya mashindano ya shabaha.

Mwenyewe, mzee mmoja wa mji wa Uingereza nilikokuwa nasoma, aliniomba niandike historia yake kwa ajili ya wajukuu. Alikuwa na hadithi tayari: marehemu baba yake alipigana nayo Burma mwaka 1944. Nami nilitamani iwe kweli. Babu yangu alikuwa huko huko, askari wa King's African Rifles katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kifaru, iliyopita Bonde la Kabaw katikati ya mvua na matope hadi Kalewa.

Lakini chuma kina chapa zake. Ubavuni imeandikwa No. 4 Mk 2. Karibu na kitako, mwaka: 1950. Nilitafuta ushahidi wa pili, maana chapa moja haitoshi. Katika bunduki za No. 4 zilizotengenezwa wakati wa vita, kifyatulio kilishikizwa kwenye kinga yake ya chini. Mbao zikivimba kwa unyevu, uzito wa kuvuta ulibadilika. Baada ya vita, katika Mk 2, kilihamishiwa kwenye mwili wenyewe wa bunduki. Tulifungua skrubu pamoja. Kilikuwa juu, kwenye mwili.

Mtutu ulikuwa na yake ya kusema. Ulibeba muhuri wa taji na herufi BNP wa ofisi ya kupima silaha ya Birmingham, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Muhuri wa namna hiyo ulianza 1954. Kipimo cha risasi ni milimita 7.62, si .303 ya vitani. Walenga shabaha wa Uingereza walihamia kipimo hicho miaka ya 1960.

Kwa hiyo baba huyo, miaka mingi baada ya Burma, alimiliki bunduki ya aina ya kijeshi iliyogeuzwa kuwa ya kutoboa karatasi, labda hata kwa yadi 1,000, kama wanavyofanya Bisley tangu 1890. Hilo kwangu ni kubwa kuliko hadithi ya awali. Vita alipelekwa, hii aliichagua.

Nilimweleza mzee. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi ile ya Burma aliirudisha."

Ndivyo ilivyokuwa kwa babu yangu pia. Alirudisha silaha ya serikali, akabaki na nishani na kikohozi. Hakuna chuma cha kumsomea.

Kwenye karatasi ya wajukuu niliandika mambo mawili, kila moja mahali pake: chapa zinasema nini, na familia inakumbuka nini. La pili sikulifuta. Baba yao alikwenda Burma kweli. Ni bunduki tu ambayo haikwenda.